Bata mzinga wa kujazwa: pimeni katikati ya mjazo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo la jikoni ambalo maelekezo mengi ya mapishi ya sikukuu hulipita kimyakimya. Kila msimu wa familia kukusanyika unapokaribia, tunasoma kwamba bata mzinga aokwe dakika kadhaa kwa kila kilo, kisha atolewe ngozi ikiwa na rangi ya dhahabu na maji ya pajani yakiwa meupe. Kwa ndege mtupu unaweza kufika salama kwa maelekezo hayo. Kwa ndege aliyejazwa tumbo hayatoshi hata kidogo, na yanaweza kuwalaza wageni wako kwa kutapika na kuhara.

Mjazo, yaani ule mchanganyiko wa mkate, vitunguu na viungo unaoingizwa tumboni, umekaa mahali ambapo joto la oveni hufika mwisho kabisa. Joto lipite ngozi, lipite nyama, lipite mifupa ya kifua, ndipo lianze kuupasha mkate uliolowa, tena kutoka pembeni kuelekea katikati. Wakati huohuo majimaji ya nyama mbichi yanauchuruzikia. Salmonela na kampilobakta, bakteria wanaoumiza tumbo, waliomo katika majimaji hayo hunywewa na mkate kama sifongo inavyonywa maji. Ndege ambaye paja lake limefika nyuzi joto 80 za Selsiasi anaweza kabisa kuwa na mjazo wa nyuzi 62 katikati, na rangi ya ngozi haitakuambia. Hata rangi ya nyama haisaidii sana: nyama iliyoiva vizuri huweza kubaki na wekundu kidogo karibu na mfupa. Wa kumwamini ni kipimajoto, na namba inayotakiwa ni 74, katika sehemu tatu: paja kwa ndani panapogusana na mwili, kidari mahali kilipo kinene, na katikati ya mjazo.

Kupima kwenyewe kuna namna yake. Chomeka kipimajoto kupitia tundu la tumbo, ukisukume mpaka ncha ifike nusu ya njia kati ya tundu hilo na shingo, bila kugusa mfupa, kwa sababu karibu na mfupa unaweza kusoma namba isiyo ya mjazo wala ya nyama. Subiri namba itulie. Kisha vuta kidogo kidogo ukiitazama. Ikishuka, hapo umepita mahali baridi zaidi, na hapo ndipo pa kupima. Kipimajoto cha dijitali husoma kwenye ncha. Kile cha mshale na uso wa duara husoma sehemu ya chini ya chuma yenye urefu wa sentimita 5 hivi, kwa hiyo lazima kiingie kina cha kutosha. Osha chuma kwa maji moto na sabuni kabla ya kukichomeka tena. Na kama una mashaka na kipimajoto chenyewe, jaza glasi barafu iliyopondwa, ongeza maji baridi hadi yafunike, koroga, kisha chomeka: kisome 0. Kikisoma 3, ujue kinaongeza 3, nawe punguza katika kila kipimo.

Turudi nyuma kidogo, maana tatizo la mjazo usioiva mara nyingi huanza siku tatu kabla ya kuwasha oveni. Bata mzinga aliyegandishwa huyeyushwa ndani ya friji, na anahitaji saa 24 kwa kila kilo 2 hadi 2.3. Wa kilo 6 anataka siku 3 kamili. Aliyechelewa anaweza kumzamisha kwenye maji baridi akiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji, dakika 30 kwa kila nusu kilo, maji yakibadilishwa kila nusu saa, kisha aokwe mara moja bila kurudishwa kwenye friji. Kumwacha juu ya meza usiku kucha ni kosa: nje anapata joto linalozalisha bakteria huku ndani bado ni jiwe la barafu. Kabla ya kujaza, ingiza mkono tumboni mpaka mwisho, upapase uti wa mgongo. Ukikuta vipande vya barafu vinavyokwaruza vidole, hajawa tayari, kwa kuwa barafu hiyo itaupoza mjazo na kukuongezea muda mrefu ambao kidari hakiuvumilii. Hapohapo toa ule mfuko wa firigisi, moyo, maini na shingo. Wakati mwingine umefichwa upande wa shingo, chini ya ngozi, si tumboni, ndiyo maana wengi huuoka bila kujua.

Usimwoshe. Najua wengi wamelelewa kuosha kila nyama, lakini maji ya bomba hayaui bakteria. Yanawarusha kwenye sinki, kwenye vyombo na kwenye kachumbari iliyo pembeni. Mkaushe kwa karatasi za jikoni, ndani na nje. Ngozi yenye maji huchemka kwa mvuke badala ya kukauka na kuwa kavu ya kuvunjika. Mpake chumvi laini kijiko 1 cha chai kwa kila kilo, mwache kwenye trei bila kufunikwa, rafu ya chini kabisa ya friji, usiku mmoja au miwili. Lakini soma lebo kwanza. Kama kiwandani walishamdunga maji ya chumvi, usiongeze.

Jina lake nalo linapotosha. Tunamwita bata, lakini ukoo wake ni wa kuku, kwale na tausi. Bata wa kweli ana tabaka nene la mafuta chini ya ngozi, na hutobolewa ili mafuta yachuruzike. Bata mzinga hana mafuta hayo. Ukimtoboa unapoteza utamu. Yeye anahitaji kuongezewa: ingiza vidole kati ya ngozi na kidari taratibu bila kuichana, upake gramu 100 za siagi laini humo ndani.

Sasa mjazo. Kwa ndege wa kilo 6 chukua gramu 500 za mkate, ukate vipande vya sentimita 2, uvikaushe kwenye oveni ya nyuzi 120 kama dakika 40 mpaka vilie vinapogongana. Mkate laini usiokaushwa huwa uji. Kaanga vitunguu 2 vikubwa na mashina 3 ya seleri katika siagi gramu 100 hadi vilainike, tia majani ya thaimu na pilipili manga, kisha mimina supu ya moto mililita 400 hadi 500. Ukipenda, koroga yai moja. Kama unaweka nyama ya kusaga au soseji, iive kabisa kwanza. Chumvi iwe kidogo, maana mkate utanywa majimaji yaliyokwisha kukolea chumvi. Ukiushika mkononi ushikamane bila kuchuruzika. Mjazo mkavu ni mbaya kwa mambo mawili: ladha, na pia bakteria hufa upesi zaidi penye unyevu kuliko penye ukavu kwa joto lilelile.

Hapa ndipo ninapogombana na ushauri wa “jaza usiku, asubuhi uoke”. Tafadhali, Mhariri, usiuruhusu kwenye ukurasa wako. Friji haiwezi kupoza haraka kitu kilichofungiwa katikati ya kilo 6 za nyama, na mjazo utalala saa nyingi katika joto kati ya nyuzi 5 na 60, ambamo bakteria huongezeka kwa kasi. Mwenye haraka akate mkate na vitunguu usiku, aviweke mbalimbali. Kuchanganya na kujaza kufanyike oveni ikiwa tayari ina moto, mjazo ukiwa bado wa moto kutoka sufuriani, na ndege aingie ndani mara moja. Mjazo unaoanza safari ukiwa na nyuzi 60 una njia fupi kufika 74. Unaotoka kwenye friji una njia ndefu mno.

Usishindilie. Kikombe kimoja hadi kimoja na nusu, cha mililita 250, kwa kila kilo ya ndege ni kiasi cha juu. Wa kilo 6 anabeba vikombe 6 hadi 9, na mimi ningesimama kwenye 7. Mkate hufura. Ukishindiliwa unakuwa bonge gumu ambalo joto haliliingii, na huweza hata kuchomoza nje kwenye tundu. Kipimo changu ni kijiko: kikiingia katikati kwa urahisi bila kusukumwa, kiasi kinatosha. Kinachobaki kiokwe kwenye bakuli peke yake. Miguu ifungwe kwa uzi ilegee kidogo, kwani ikibanwa sana mapaja hujificha na kuchelewa kuiva.

Trei iwe na kina cha sentimita 5 hivi na waya wa kumwinulia, kwa kuwa trei yenye kuta ndefu huyakinga mapaja yasipate joto. Oveni iwe nyuzi 165. Aliyejazwa wa kilo 4 hadi 5 huchukua kama saa 3 hadi 3 na nusu. Wa kilo 5.5 hadi 6, saa 3 na nusu hadi 4. Anza kupima nusu saa mapema. Kidari kikishapata rangi unayoitaka kifunike kwa foili. Kumwagia mafuta kila robo saa hakupenyezi chochote ndani ya nyama. Kunapoza oveni tu kila unapofungua mlango.

Na ikitokea paja limefika 80, kidari 74, lakini mjazo umekwama kwenye 62? Hili hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyokiri. Usimwache ndani mpaka mjazo ufike, maana kidari kitakuwa makapi. Mtoe, mfunike foili bila kuibana, chota mjazo wote kwa kijiko, utandaze kwenye bakuli la kuokea kwa unene wa sentimita 4, uurudishe oveni kwa nyuzi 190. Dakika 15 hadi 20 humaliza kazi, lakini pima bado. Muda huo ni uleule ambao nyama inahitaji kupumzika kabla ya kukatwa, hivyo hakuna anayecheleweshwa chakula. Ikiwa mjazo umeiva humo humo, mpumzishe dakika 20 kisha utoe wote. Usimpeleke mezani akiwa bado amejaa, mkawa mnachota kidogo kidogo jioni nzima.

Kwa ndege wa zaidi ya kilo 7 nashauri msijaze kabisa. Kadiri anavyokuwa mkubwa ndivyo kidari na mjazo vinavyotofautiana, na hakuna foili inayoweza kuziba pengo hilo. Okeni mjazo kwenye bakuli na mumwagie vijiko vichache vya majimaji ya trei. Ladha itakaribia sana ile ya tumboni.

Mchuzi mzito ni rahisi: vijiko 3 vya mafuta ya trei, vijiko 3 vya unga wa ngano, vikaangwe dakika 2, kisha mililita 500 za supu zimiminwe kidogo kidogo huku ukikoroga. Supu hiyo ichemshwe kwa shingo, moyo na firigisi wakati ndege yuko oveni. Maini yakae kando. Huitia supu uchungu.

Mabaki yasizidi saa 2 nje ya friji. Kuna bakteria aitwaye Clostridium perfringens ambaye mbegu zake huvumilia kuokwa, kisha huamka nyama inapopoa polepole kwenye chungu kubwa. Kwa hiyo nyama itolewe mfupani, ikatwe, iwekwe kwenye vyombo vifupi, mjazo chombo chake. Vyote viliwe ndani ya siku 3 hadi 4, vikipashwa mpaka nyuzi 74. Na anayetaka kuchemsha mifupa kwa supu ya kesho yake, akwangue kwanza mabaki yote ya mkate yaliyoganda kwenye mbavu. Yakibaki humo supu huchafuka kama maji ya unga na huchacha upesi.

Wako,
Mpishi na msomaji wa ukurasa wako wa mapishi