Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa LATRA (Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini): tupeni mchanganuo wa nauli za teksi mtandao

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ita teksi mtandao, yaani gari la kuagiza kwa programu ya simu, saa kumi na moja jioni ukiwa Dar es Salaam, halafu sikiliza dereva atakachokuuliza akikupigia. "Bosi, kwako inasoma shilingi ngapi?" Unamtajia. "Kwangu bado haijaonyesha. Unaelekea wapi? Keshi au kadi?" Ukisema kadi, mara nyingi mtandao "unasumbua" ghafla na safari inafutwa. Ukisema keshi, anakuja, ila njiani anakuomba umwongezee kidogo kwa sababu bei ile "haimlipi". Watu wawili wameingia mkataba mmoja, na mmoja tu ndiye aliyeiona bei.

Siandiki kuwashtaki madereva. Naandika kwa sababu ofisi yako ndiyo inayotoa leseni kwa huduma hii na ndiyo inayoipangia nauli, na mmeshathibitisha kwamba mnaweza kuibana. Mwaka 2022 mlitangaza kwamba kamisheni ya kampuni, yaani sehemu ya nauli inayomkata dereva, isizidi asilimia 15. Aprili mwaka huohuo Uber, moja ya kampuni hizo, ikasimamisha huduma zake nchini. Kikomo kikapandishwa hadi asilimia 25, na Januari 2023 Uber ikarejea. Mvutano ule ulikuwa mkubwa, na magazeti yaliuandika sana, lakini ulihusu kampuni na dereva. Abiria hakuwamo, isipokuwa kwamba yeye ndiye anayetoa hela yote inayogombewa.

Sasa nikupe safari moja. Kariakoo kwenda Mbezi Beach, jioni, siku ya kazi. Wakati wa kuita, simu ilionyesha 14,000. Tukakwama Mwenge kama kawaida, dereva akakata mtaani ili tutokee mbele, tukafika. Jumla ikasoma 18,500. Risiti iliyoingia kwenye barua pepe, kwa Kiingereza, ilikuwa na mistari mitatu: nauli 17,600, ada ya kuagiza 900, jumla 18,500. Nikamuuliza dereva kulikoni. Hakubishana, alinigeuzia simu yake tu. Kwake palikuwa na kitu ambacho kwangu hakikuwepo: kamisheni 4,400, chako 13,200.

Tafadhali rudia hizo hesabu. Kamisheni ya 4,400 ni robo kamili ya 17,600, hivyo kwenye karatasi asilimia 25 imeheshimiwa. Ila ada ya kuagiza nayo imekwenda kwa kampuni, na ukiijumlisha unapata 5,300 kati ya 18,500 nilizolipa. Hiyo ni zaidi ya asilimia 28. Aliyeendesha amepata pungufu ya bei niliyoonyeshwa kabla sijapanda, na katika hizo 13,200 bado kuna mafuta, bando, na hesabu ya mwenye gari (fedha anayopaswa kumpelekea) ambayo haijui foleni wala mvua. Abiria anayeshika risiti yake peke yake hawezi kuyaona haya. Ataona dereva kamtapeli.

Najua nauli ya namna hii ina vipande vyake: nauli ya kuanzia, kiasi kwa kila kilomita, na kiasi kwa kila dakika. Dakika ndizo zinazotuumiza. Bei unayoonyeshwa kabla ya kupanda ni makadirio ya njia fulani kwa muda fulani. Gari likibadili njia au likakaa sana barabarani, mfumo unaweza kupiga hesabu upya. Mimi naona ni haki: gari likisimama Mwenge injini inaendelea kula mafuta, na asiwepo wa kumbebesha dereva gharama ya foleni ambayo hakuileta yeye. Basi niandikieni hizo dakika. Niandikieni kwamba safari ilikadiriwa muda huu, ikachukua muda ule, tofauti ni shilingi kadhaa. Nitalipa, pengine kwa kununa, lakini nitalipa nikijua.

Bei ya mvua ni suala jingine. Desemba 2023 nauli ya daladala ndani ya kilomita 10 ilipangwa kuwa shilingi 600, ikawa 600 jua likiwaka na 600 bonde la Jangwani likiwa limejaa maji. (Konda anaweza kukatisha ruti na kutushusha njiani, hilo mnalijua, lakini hasemi leo ni 900 kwa sababu ya mawingu.) Teksi mtandao inapandisha bei wahitaji wakizidi magari, na hoja yao ni kwamba bila hivyo madereva wasingetoka majumbani. Huenda ni kweli. Zamani skrini ilikuandikia wazi kwamba bei imepanda mara 1.5, ukabonyeza kukubali. Siku hizi kizidisho kimemezwa ndani ya jumla, na mgeni wa mji hana namna ya kujua kama 20,000 ndiyo bei ya njia hiyo au ndiyo bei ya dharura. Kirudishwe hadharani, na kiwekewe dari.

Halafu kuna ada ya kufuta safari. Dereva amekubali, gari kwenye ramani halisogei. Unampigia, anakwambia, "Futa wewe bosi, mimi niko mbali." Ukifuta, mfumo unakuhesabu wewe ndiye uliyevunja, na deni linakusubiri kwenye safari inayofuata likiwa limejibanza ndani ya jumla. Ukilalamika, unajibiwa na mashine inayokushukuru kwa uvumilivu wako.

Maegesho ya uwanja wa ndege na tozo ya Daraja la Nyerere kule Kigamboni sina ugomvi nayo. Viwango vyake vinajulikana na unaviona vikilipwa.

Kampuni zitakuambia fomula ya nauli ni siri ya biashara. Wabaki nayo. Sihitaji kujua mashine yao inawazaje; nahitaji kiasi kilichotozwa kwenye safari ambayo tayari nimeimaliza na kuilipia. Takwimu hizo wanazo, maana dereva anaonyeshwa kamisheni yake kila anapomshusha mtu. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inatutangazia bei kikomo za mafuta mji kwa mji, na biashara ya mafuta haijafa kwa sababu mwananchi anajua kikomo cha lita moja. Nyinyi wenyewe nauli za daladala mnazitangaza kwa umbali. Kwenye teksi mtandao mmeweka kikomo, lakini chombo cha kukipimia mmewaachia wanaopimwa.

Ombi langu liingie kwenye masharti ya leseni: risiti ya kila safari, kwa Kiswahili, ionyeshe kilomita, dakika, kizidisho kama kipo, kila ada kwa jina lake, kamisheni ya kampuni na kilichobaki kwa dereva. Dereva na abiria waone bei ileile kabla gari halijaondoka. Bei ya mwisho ikizidi ya mwanzo, sababu iandikwe hapohapo, bila mtu kuisaka. Na tamko lenu liseme kwa lugha ya mtaani kama ile asilimia 25 inajumuisha ada ya kuagiza au inaiacha nje, kwa sababu kwenye risiti yangu tofauti ya majibu hayo mawili ni shilingi 900, na sidhani kama niko peke yangu pale Kariakoo jioni.

Kama kuna mkutano wa wadau kabla ya viwango vipya vya nauli, naomba utangazwe mapema na ufanyike Jumamosi, madereva nao wapate kufika. Nikipewa nafasi nitakuja na risiti zangu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Abiria wa Mbezi Beach

Nakala: Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini (LATRA CCC)