Barua kwa Ekai: Mafuta ya Turkana ni ya Nani?

Changamwe, Mombasa

Ndugu yangu Ekai,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Lokichar, Turkana. Unauliza: ikiwa mafuta yako chini ya miguu yenu, mbona bodaboda wa kwenu anauziwa petroli ghali kuliko mimi niliye karibu na bandari?

Kikatiba mafuta ni yetu sote. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinayahesabu kuwa ardhi ya umma, na serikali kuu ni mdhamini tu anayetutunzia. Lakini mdhamini hachimbi mwenyewe, huingia mkataba na kampuni. Yakianza kuuzwa, kampuni hurudishiwa gharama zake kwanza, kisha faida ndiyo hugawanywa. Kisima cha Ngamia-1 huko kwenu kilitangazwa kuwa na mafuta Machi 2012, na gharama zimehesabiwa miaka yote hiyo. Mimi hapo ndipo ninapopata wasiwasi: kila shilingi iliyotiwa chumvi humo inatoka kwenye fungu lenu. Sheria ya Petroli ya 2019 inaipa kaunti asilimia 20 ya fungu la serikali, na jamii asilimia 5 kupitia hazina ya amana.

Petroli ya sheli ni habari nyingine kabisa. Mafuta yenu huganda kama mafuta ya nazi wakati wa baridi, hata malori yaliyoyaleta huku yalilazimika kuyapasha joto njiani. Kiwanda cha hapa Changamwe kiliacha kusafisha mafuta 2013, kwa hiyo meli iliyoyachukua mafuta yenu Agosti 2019 iliondoka nayo yakiwa ghafi. Petroli tunainunua ng'ambo kwa dola, halafu inawafuata nyinyi kwa bomba hadi bara, kisha kwa barabara hadi huko, na nauli hiyo iko ndani ya bei.

Juu yake kuna kodi. Mwaka 2023 VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na 2024 ushuru wa barabara ukatoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Hili linaniuma, maana mama asiye na gari analilipa kwenye nauli na kwenye unga.

Hata hivyo, wazo la kutoa petroli bure siliungi mkono. Wangefaidi wenye magari makubwa Nairobi, na mama wa Lokichar angebaki anatafuta maji.

Serikali na kampuni wakiitisha baraza tena, waulizeni hesabu za gharama zimekaguliwa na nani, na hazina ya jamii itasimamiwa na akina nani. Majibu watakayotoa niandikie.

Wako,
Salim