Daftari la msiba lisifungwe siku ya arobaini

Ndugu Mhariri,

Vikundi vya kufa na kuzikana hapa Dodoma vina daftari zuri: nani katoa mchango, nani kaleta unga, nani hakufika. Tunaomba waongeze safu moja, tarehe ya mwezi wa sita tangu maziko, na majina ya wawili watakaokwenda kumjulia hali mfiwa.

Kwa nini mwezi wa sita? Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, ulioanza kutumika 2022, unahesabu majonzi ya muda mrefu kuwa ugonjwa kuanzia hapo, iwapo mtu anamlilia moyoni marehemu karibu kila siku hadi kazi na malezi vinamshinda, kupita mila na dini yake inavyotarajia. Eda ya mjane, ya miezi 4 na siku 10, si ugonjwa. Anayetokwa machozi kila Krismasi au Idi naye hana ugonjwa.

Watakaokwenda waangalie nyumba. Huenda simu ya marehemu inachajiwa kila usiku na kuwekewa vocha laini isifungwe, ilhali chumba alicholala hakijafunguliwa tangu siku ile. Kung'ang'ania huku na kukwepa kule ndiko kunakoulisha ugonjwa: akikwepa anapata nafuu ya leo, lakini moyo haupati nafasi ya kukipokea kifo.

"Jikaze" haitibu. Vidonge vya usingizi vya duka la dawa navyo havitibu, tena vinaleta uraibu. Dawa za sonona husaidia sonona iliyoambatana. Majonzi yenyewe yanataka mazungumzo. Utaratibu wa Dk. Katherine Shear wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, una vikao 16 hivi, kimoja kwa wiki. Vitatu vya mwanzo ni vya kumfahamu mfiwa na kumweleza ugonjwa wake. Ndipo anafumba macho na kusimulia alivyopokea taarifa ya kifo. Anarekodiwa, na nyumbani anajisikiliza. Taratibu anarudi alikokuwa hakanyagi: kaburini, barabara ya ajali, chumba kile. Mshauri anayeanza na kaburi kikao cha kwanza humkimbiza mgonjwa.

Mfiwa akitamka kwamba anataka kumfuata marehemu, tarehe ya daftari isingojwe. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe ikiwa ndiyo karibu, na asiachwe peke yake njiani.

Washauri nasaha,
Dodoma