Harambee ya Kibanda cha Mtandao, Ndavaya: Tusimpoteze Binti Yetu

Kwa wana wa Ndavaya mlioko Mombasa, Ukunda, Nairobi na nchi za Ghuba,

Bwana asifiwe. Asalaam aleikum.

Tunawaandikia kwa aibu, maana ni mara ya pili kuwaomba. Miaka minne iliyopita mlichanga mkatununulia kompyuta mbili, printa na jenereta. Nasi tuliobaki nyumbani tulifanya mwerya, kazi ya pamoja: tukafyatua matofali, tukainua kuta, akina mama wakabeba maji kutoka bwawani. Mungu awalipe kwa mkono ule. Kibanda kimesimama mpaka leo na mabati yake hayavuji. Kinachotuuma ni anayekaa ndani.

Januari hii, barua za kujiunga na Gredi ya 10 zilipokuwa zikichukuliwa mtandaoni, wazazi walifika kabla ya jua kuchomoza. Saa tano jenereta ikazima, na petroli haikuwapo. Wazazi kumi na saba walikaa chini ya mwarobaini mpaka alasiri, huku kijana wa bodaboda akitafuta lita mbili Kinango. Waliokuwa na nauli walikata tamaa wakaenda mjini. Mama mmoja hakuwa nayo. Mwanawe aliripoti shuleni wiki nzima baada ya wenzake, na alipofika akaambiwa vitanda vya bweni vimejaa. Mama huyu ni miongoni mwa waliobeba maji ya kujengea kibanda kile.

Msimlaumu binti anayekiendesha. Ametufungulia daftari lake na tunalisoma kwenu kwa ruhusa yake. Mwezi wa Machi aliingiza shilingi 14,300. Petroli ikala 6,900, bando 2,500, karatasi na wino 3,100. Akabaki na 1,800, naye ana mtoto wa kulea. Waliomtangulia walikuwa wawili, na wote waliondoka kwa sababu hiyo hiyo. Yeye amevumilia zaidi, lakini sasa ameitwa kazini kwenye saiba moja Ukunda, na amekubali kutungoja mpaka mwisho wa Agosti tu.

Kosa lilikuwa letu sisi kamati. Tulinunua mashine, hatukuuliza mwenye kuiendesha atakula nini. Tungeweza kujifunza kwa wengine: serikali ilipoanzisha vituo vya Pasha, ilitoa mikopo ili vijijini kuwe na huduma za mtandao, lakini mahali pengine mkopo ulikuja kabla ya wateja wa kutosha. Sasa tumeahidiwa kituo cha kidijitali katika kila wadi, wadi zote 1,450. Kikija tutakipokea kwa vigelegele. Lakini kituo hicho nacho kitahitaji mtu, na mtu huyo atahitaji riziki.

Wengine mnadhani kazi za serikali zikishahamia mtandaoni, mwenye kibanda anatajirika. Sivyo. Ile shilingi 50 inayokatwa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, haiji kwake. Yeye hupata ada ndogo ya kujaza na kuchapa, tena kwa msimu. Januari kuna barua za shule. Juni watu wanakimbilia ritani za kodi za KRA kabla ya tarehe 30, wakiogopa faini ya shilingi 2,000. Katikati kuna miezi ambayo mteja ni mzee mmoja anayetaka nakala ya kitambulisho. Na wapo anaowahudumia bure kwa kuwa hana moyo wa kuwafukuza, kama bibi zetu wanaosajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali, ambao yale maswali ya mapato ya nyumba hawawezi kuyajibu kwenye simu peke yao.

Kwa hiyo safari hii hatuombi kompyuta nyingine. Tunaomba vitu vitakavyomwachia chake mfukoni. Cha kwanza ni sola: paneli, betri na inveta, shilingi 185,000 pamoja na fundi. Petroli ikiondoka, ule mwezi wa Machi angebaki na 8,700. Jioni atachaji simu za watu, nayo ni pesa ya kila siku. Cha pili ni floti ya M-Pesa, yaani pesa ya wakala ya kuwawekea wateja kwenye simu, 60,000. Siku ya chete, siku ya soko, watu huuza mbuzi, kisha wanatembea na noti mfukoni mpaka Kinango kwa kuwa hapa wakala hana floti. Kamisheni ya uwakala haingoji Januari wala Juni. Cha tatu ni printa ya wino wa chupa, 48,000, maana walimu wakuu wa shule tatu wameahidi kuleta mitihani yao kuchapwa hapa badala ya mjini. Jumla ni 293,000. Hapa nyumbani tumeshakusanya 41,500, na wazee wawili wametoa mbuzi.

Vifaa vitabaki mali ya kikundi. Yeye atalipa kodi ya 1,500 kwa mwezi, iingie kwenye mfuko wa matengenezo, na kinachozidi ni chake. Kila mchango utapewa risiti, na hesabu zitasomwa kwenye baraza la chifu na kubandikwa ukutani.

Ndugu zetu mlioko Doha, Riyadh na Dubai, mnakumbuka mlipochapiwa fomu ya C24, ile ya alama za vidole? Wengi wenu mlianzia kwenye kiti kile cha plastiki, mkalipa 1,050 za cheti cha maadili mema, mkapata nguvu ya kusafiri. Wengine mlichapiwa kwa deni na deni lile halijalipwa. Hatutaji jina la mtu. Tunasema tu kwamba yule aliyewaamini bado amekaa pale pale, na mwaka huu anawahitaji.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho ya Julai, uwanja wa shule ya msingi, saa nne asubuhi. Tutaanza kwa sala na dua. Asiyeweza kufika atume kwa mweka hazina kupitia kundi la wanakijiji, hata kama ni shilingi mia. Anayekuja aje mapema. Kibanda kitakuwa wazi, ingieni mumsalimie binti kabla ya kuja uwanjani.

Kamati ya Kibanda, Ndavaya