Karafuu za Hitima

Ilala, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Mpenzi Zuhura,

Salamu nyingi sana. Sisi huku wazima, na mama anauliza kama umeshaizoea baridi ya Amsterdam. Barua yako nimeisoma mara mbili, hasa pale uliposema biskuti zao za Desemba zinanukia kama jiko la bibi siku ya Idi. Ukaniuliza: karafuu si zetu, zimefikaje huko?

Jana nilikwenda Kariakoo kununua viungo vya pilau la hitima ya bibi. Muuzaji akanipimia bizari nyembamba, iliki, mdalasini na pilipili manga, kisha akauliza, "Karafuu nikupe za Pemba au za Morogoro?" Nikachukua za Pemba, kwa ajili ya bibi. Kwenye daladala mfuko ulinukia mpaka abiria wa mbele akageuka, nami njia nzima nikawa nakujibu moyoni.

Shoga yangu, karafuu asili yake si kwetu. Kwao ni visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo. Mwaka 1602 Waholanzi waliunda kampuni yao ya biashara, VOC, iliyotaka viungo vyote vipite mikononi mwake. Ilikata mikarafuu ya watu ili bei isishuke. Kwenye visiwa vya Banda, huko huko Maluku, kwa sababu ya kungumanga, mwaka 1621 wenyeji waliuawa kwa maelfu, na mashamba yakaja kulimwa na watumwa. Ukipita huko Amsterdam kando ya mifereji na zile nyumba nzuri ndefu, uwakumbuke. Baadaye Mfaransa Pierre Poivre akafanya mpango miche ikatoroshwa hadi Mauritius, na mwanzoni mwa karne ya 19 mikarafuu ikafika Unguja. Sultani Sayyid Said akahimiza ipandwe kwa wingi.

Sasa bibi. Siku moja tulikuwa tunachambua mchele, akasema bila kuinua macho: "Babu yangu hakuja Pemba. Aliletwa." Alikuwa Mnyasa, na alikuwa mtoto. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikanusurika, na kazi kubwa ikahamia huko. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria mpaka 1897. Ujana wote wa babu yake ulikwisha humo.

Bibi naye alichuma utotoni. Alinieleza kwamba karafuu huchumwa ikiwa bado tumba. Ua likishafunguka, thamani imekwenda. Kwa hiyo msimu haumsubiri mtu. Mchumaji hupanda juu kabisa, huvuta matawi, na akiteleza ameumia. Jioni watu hukaa chini kuchambua, karafuu huku, makonyo kule, mpaka vidole vinakuwa vyeusi. Kisha huanikwa juani kwenye majamvi, na mvua ikitishia kila mtu hukimbilia kuanua. Kila nikinusa karafuu namwona juu ya mti.

Kinachoniuma ni kwamba tunajisifia marashi ya karafuu, tunawatajia wageni masultani, na mchumaji hatumtaji. Hata Kariakoo: jina limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Tunalitamka kila siku tunapokwenda kununua nyanya.

Jina la babu yake alilopewa na mama yake huko Nyasa hatulijui. Bibi alilijua lile la Pemba tu, Feruzi. Jumamosi hitima ikisomwa, nimemwomba mwalimu amuombee na Feruzi pamoja na bibi. Mama alinyamaza kidogo, kisha akakubali.

Nikipata mtu anayesafiri nitampa robo kilo ya karafuu hizi akuletee. Pika pilau, waite hao wenzako wanaopenda biskuti, na wakisifu harufu waambie habari za Feruzi. Niandikie upesi.

Akupendaye,
Mwanaidi