Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: mbegu zetu ziko kwa nani, na simu imetusaidia wapi

Wanachama wenzangu, wazee wetu, mama zetu na vijana, habari za majumbani. Hii ndio taarifa yangu ya mwaka kwa chama chetu cha wakulima. Nimeiandika kwa Kiswahili kama tulivyokubaliana, sababu kwetu hapa kuna Wasamia, Jopadhola, Wateso na Wagwere na Kiswahili ndio tunachokutana nacho sokoni Busia na Malaba. Wale wasiosoma tumewarekodia kwa sauti, waombeni watoto wawafungulie. Mambo ya pesa anayo mweka hazina, atayasoma mwenyewe mkutanoni na risiti zikiwa mezani, mimi nitaongea kazi.

Nianze na mvua maana ndio ilituongoza. Msimu wa kwanza mliuona wenyewe, mvua ikaanza vizuri watu wakakimbilia mahindi, alafu ikakata, mahindi yakajikunja yakiwa magotini, na yale yaliyopona viwavijeshi wakayamaliza, hao wadudu wako na sisi tangu 2016 na 2017 na hakuna dalili wataondoka. Lakini aliyekuwa na mtama shambani alivuna kitu. Mtama ukikosa maji unakunja majani unasimama tu, unangoja, mvua ikirudi unaendelea na safari. Njugu mawe nazo zilikaa chini ya udongo wetu wa mchanga hazikulalamika, na wimbi lililopandwa mapema likajaza masuke. Wimbi hili ni la huku huku jamani, lilianza kulimwa nyanda za juu za Afrika Mashariki, kutoka Ethiopia mpaka Uganda yetu hii, maelfu ya miaka iliyopita, na mahindi ni mgeni aliyeletwa kutoka Amerika. Sisemi watu waache mahindi, nasema shamba lote likiwa mahindi na mvua ikakata basi nyumba nzima imekatwa.

Shida yetu kubwa mnaijua. Ukikosa mbegu ya mahindi unaenda agroveti unanunua, lakini ukikosa mbegu ya wimbi lile alilokuwa analima mama yako hakuna duka la kukuuzia. Ndio maana kazi kubwa ya mwaka huu ilikuwa daftari la mbegu, na hapa nitakaa kidogo sababu ndio kitu kinanipa raha kuliko vyote tulivyofanya.

Vijana wetu walizunguka nyumba kwa nyumba na simu, wakatumia KoboCollect, programu ya bure, unajaza fomu hata kama hakuna neti na ukifika penye mtandao inatuma yenyewe. Wanapiga picha ya suke, wanaandika jina ambalo nyumba hiyo inaita mbegu hiyo, inakomaa kwa muda gani, ndege wanaipenda ama hawaipendi, inavumilia udongo gani, alafu wanamrekodi mwenye mbegu akieleza mwenyewe kwa lugha yake. Hiyo sauti ndio mali. Kuna mama mmoja tulikaa naye jikoni kwake, akashika masuke mawili ya wimbi, moja vidole vimefumba kama ngumi na lingine vimefunguka, akasema hili lililofumba lina punje nyingi lakini mvua ikilikuta wakati wa kuvuna linashika ukungu, hili lililofunguka linakauka haraka, kwa hiyo yeye hulima yote mawili na hachanganyi. Mbegu anachagua shamba likiwa bado limesimama, anaenda katikati sio pembeni, anakata masuke yaliyojaa kwenye mashina yenye nguvu, anayaning'iniza juu ya moshi wa jiko. Dakika nne tu za sauti, na vijana waliokuwepo walinyamaza kabisa wakisikiliza. Hakuna kijitabu chochote nilichopewa kwenye semina chenye maneno hayo.

Tumekuta aina za mtama na wimbi ambazo zimebaki kwa nyumba moja tu. Moja! Huyo mzee akiugua asilime msimu mmoja imeisha hiyo. Kwa hiyo zile za namna hiyo tuliziomba kidogo kidogo tukazigawa kwa wanachama wachache wazizidishe, masharti ni kwamba ukipewa kikombe unarudisha viwili baada ya kuvuna. Komiti inapendekeza sampuli nyingine zipelekwe Entebbe kwenye benki ya taifa ya mbegu za mimea, na pia tutume watu wawili wilaya ya Sheema wakaone benki ya mbegu ya jamii ya Kiziba, wale wameanza kutunza maharage yao ya asili tangu 2010, hatuna haja ya kubuni kila kitu sisi. Mbegu za kituo cha utafiti cha Serere tusizikatae pia, Seremi 2 na NAROMIL kwa wimbi, SEKEDO na NAROSORG kwa mtama, nyingi zinakomaa mapema na kwa mvua hizi mapema ni dawa. Ila zikae kando ya mbegu za nyumbani, zisizifukuze.

Wengine mmeuliza kwa nini bado tunaandika kwenye kitabu cha karatasi wakati tuna simu. Mnakumbuka Januari 2021 wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Pia simu inaibiwa, inaanguka kwenye maji. Nakala ya karatasi inabaki kwa katibu na nyingine kwa mama mweka hazina, hiyo haijadiliwi tena.

Lingine la daftari. Kuna kampuni moja ilikuja na maneno mazuri, ikaomba faili lote, picha, sauti, majina ya wenye mbegu na mahali wanakaa, ikasema itatusaidia kutengeneza programu. Komiti ilikataa na mimi nasimama na uamuzi huo. Kuna sheria ya 2019 ya kulinda taarifa za watu hapa Uganda, na hata kama isingekuwepo, yule mama alituambia mambo ya jikoni kwake sababu ni sisi, hakuwaambia wao. Anayetaka aje mkutanoni, aombe mbele ya wenye mbegu, waamue.

Utabiri wa mvua. Mamlaka ya hali ya hewa, UNMA, hutoa utabiri wa msimu kabla ya mvua za Machi mpaka Mei na tena kabla ya zile za Septemba mpaka Desemba. Karatasi ni ndefu na lugha ni nzito, kwa hiyo sasa vijana wanaisoma wanatoa sauti fupi kwa Kiswahili na kwa lugha zetu, inaingia kwenye grupu ya WhatsApp, na mwenye katochi, ile simu ndogo ya vitufe, anasomewa na jirani yake ama anapigiwa. Utabiri unaongelea eneo kubwa lakini mvua ya kwetu inaweza kunyesha upande huu wa mto ikaacha ule, ndio maana tuliweka vipima mvua kwa wanachama waliojitolea, kila asubuhi mtu anasoma anatuma namba. Msimu wa pili waliosubiri udongo ulowe kweli kweli ndio wakamwaga wimbi, hawakurudia kupanda. Punje ya wimbi ni ndogo mno, ikiota kwa mvua ya uongo inakufa siku chache tu.

Picha za simu zimetusaidia pia kwenye palizi. Wote mnajua lile gugu linalofanana na wimbi likiwa changa, hata mzoefu anaweza kung'oa wimbi akaacha gugu. Tumeweka picha mbili pamoja, shina la gugu ni bapa chini na limelala kidogo, lakini ukweli ni kwamba aliyepanda kwa mistari alipata shida ndogo sana sababu kilichoota nje ya mstari unajua ni adui. Wale mnaoendelea kumwaga kwa mkono naomba mjaribu mistari hata kipande kidogo. Na kayongo, ile striga ya maua ya zambarau, ing'olewe kabla haijatoa maua, mmea mmoja unaangusha mbegu maelfu na maelfu na zinakaa ardhini miaka zaidi ya kumi zikingoja mizizi ya mtama wako. Kunde katikati ya mtama zinasaidia, desmodiamu, yale majani ya malisho, inasaidia zaidi, waliopanda waulizwe.

Sasa kuhusu programu za kupima magonjwa kwa kamera. PlantVillage Nuru iko kwa Kiswahili na inafanya kazi bila neti, nzuri, wenye muhogo itumieni. Ila imefundishwa hasa muhogo na mahindi. Wimbi lilipoanza kuwa jeusi shingoni na masuke yakabaki makapi, tulimtumia ofisa kilimo picha, akasema ni blasti, ule ukungu wa wimbi, tusichukue mbegu kwenye masuke yale na mwaka ujao tupande aina inayovumilia. Yaani mtu ndiye aliyejibu, sio mashine. Na hapo ndipo nataka mnisikie vizuri, hizi teknolojia nyingi zinatengenezwa kwa mazao yenye pesa. Hata ule mpango mkubwa wa vocha za kielektroniki za pembejeo uliokuwa wilaya nyingi ulikuwa wa mahindi, maharage, mpunga, muhogo na kahawa. Wimbi halikuwemo, mtama haukuwemo. Tusipojiandikia wenyewe picha na sauti za mazao yetu hakuna mashine itakayoyajua, kwa sababu mashine inajifunza kwa kile ilichoonyeshwa.

Soko. Wenye viwanda vya bia wanataka mtama mweupe, kama Epuripur ambayo imekuwa ikitengenezewa bia ya Eagle tangu 2002, na mweupe ndio ndege wanaupenda kuliko wote. Mwekundu una ukakasi, ndege wanauogopa, na kwa malwa, ile pombe yetu ya kienyeji, na uji ndio wenyewe. Ushauri wangu, mweupe ulimwe na mwenye watu wa kufukuza ndege na mnunuzi anayejulikana, mwekundu usikosekane kwa nyumba yoyote. Bei za soko tunazotuma kila wiki zimesaidia, madalali sasa wanakuja wakijua tunajua. Malipo ya simu ni salama kuliko kutembea na pesa ila kumbukeni ukitoa kuna ada ya mtandao na kodi ya 0.5% ya serikali, hesabuni hiyo kabla ya kukubali bei.

Kuna kitu kinaniuma na lazima nikiseme. Waliotunza mbegu hizi ni mama zetu, lakini simu ziko mfukoni kwa baba. Ujumbe wa mvua unaingia, mzee yuko senta, mama yuko shambani anapanda bila kujua. Bando nayo ni ghali, kodi ya 12% kwenye data tunailipa tangu Julai 2021, kuchaji nako ni pesa. Komiti inaomba mkutano uidhinishe mambo mawili: sehemu ya ada ya mwaka inunue katochi na sola ndogo kwa kila kikundi, simu ikae kwa mwanamke atakayechaguliwa na wenzake, na vijana wanaorekodi walipiwe bando, wamejitolea vya kutosha. Nitaomba kura ya mikono, na nawaomba waume zetu wanyanyue.

Mkutano mkuu utaanza saa nne asubuhi, chini ya mwembe pale pale, tarehe mtaipata kwa viongozi wa vikundi. Kila mwanachama aje na kikombe kimoja cha mbegu yake ya asili, wimbi, mtama, simsim, kunde, njugu mawe, hata dodo, yaani mchicha, chochote. Iwe kavu, ifungwe kwenye karatasi au kitambaa, isiwe kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki, sababu inatoa jasho mbegu zinaoza, na juu yake iandikwe jina la mbegu na la aliyekupa wewe. Usipoweza kuandika njoo tu, kutakuwa na meza ya kurekodi.