Jozi 90 zilizorudishwa hazikustahili kuachwa

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wako kwa miaka mingi bila kukuandikia hata mara moja, lakini taarifa yenu kuhusu historia ya duka la L.L.Bean la Freeport, jimboni Maine, Marekani, imenilazimisha kushika kalamu. Mwandishi wenu ameisifu orodha ya bidhaa iliyotumwa kwa posta na ustadi wa kutangaza, lakini ameliacha jambo lililo kiini cha habari yenyewe.

Mwaka 1912 Leon Leonwood Bean, mwanzilishi wa duka hilo, aliwatumia matangazo wawindaji wasio wakazi wa Maine, ambao majina yao aliyapata katika kumbukumbu za leseni za uwindaji. Aliwauzia buti lenye mpira chini na ngozi juu, ili mtu atembee msituni bila kulowa miguu. Kati ya jozi 100 za kwanza, 90 zilirudishwa kwa sababu mshono unaounganisha ngozi na mpira uliachia. Alikuwa ameahidi kurudisha fedha, akazirudisha. Kisha akakopa, akalitengeneza upya buti lile na kuanza tena. Mtawezaje kuisimulia historia ya duka hilo bila jozi hizo 90?

Ninaishi Portland, mwendo wa nusu saa hivi kutoka Freeport, na majira ya baridi ya huku yamenifundisha thamani ya mshono. Novemba iliyopita nilimnunulia binti yangu mabuti ya theluji kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni. Wiki ya pili tu ya kuyavaa, soli ya buti la kushoto ilibanduka kuanzia kidoleni hadi ubavuni, na ndani yake niliona gundi iliyokauka kama maganda ya kitunguu, wala hapakuwa na uzi hata mmoja. Mtoto alirudi kutoka shuleni soksi ikichuruzika maji na vidole vimekufa ganzi. Nilipiga picha, nikaandika barua pepe tatu, nikajibiwa kwamba siku 14 za kurudisha bidhaa zimekwisha, kwa kuwa zinahesabiwa tangu siku ya kuagiza, ilhali kifurushi chenyewe kilikaa njiani siku tisa! Na hata wauzaji wanaokubali kupokea bidhaa mbovu humtwika mnunuzi gharama ya kuirudisha, kana kwamba yeye ndiye aliyeibandika soli ile. Katika taarifa yenu, huduma ya posta yenyewe nayo hamkuigusa kabisa, ingawa huduma ya vifurushi ya posta ya Marekani, iliyoanza tarehe 1 Januari 1913, ndiyo iliyomwezesha mtu wa mji mdogo kama Freeport kuuza nchi nzima.

Sisemi kwamba duka hilo halijabadilika. Februari 2018 liliifuta dhamana yake ya kupokea bidhaa zinazorudishwa bila kikomo cha muda na kuweka mwaka mmoja, tena kwa risiti, baada ya watu kurudisha hata nguo kuukuu walizookota pale watu wanapouza vitu vyao vikuukuu uani mwa nyumba zao. Waliofanya hivyo wametuponza sote.

Naomba kila muuzaji wa mtandaoni alazimishwe kuchapa idadi ya siku za kurudisha bidhaa kando ya bei, kwa herufi za ukubwa uleule wa bei, na siku hizo zihesabiwe tangu kifurushi kinapofika mlangoni. Nanyi chapeni upya taarifa ile, jozi 90 zikiwa katika aya ya kwanza.

Msomaji wenu,
Portland, Maine